Jirani ana faiba, mimi naambiwa "eneo lako bado halijafikiwa". Nani anapanga hii foleni?

#1 Mkazi wa Korongoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Niko Goba, Dar es Salaam, upande wa juu ukishavuka korongo. Nimekaa barazani, naandika kwa bando la simu, na nikinyanyua macho naona nyumba ya ng'ambo ina waya mweusi unaoingia kwenye kona ya paa. Ni faiba, waya wa intaneti ya kasi, nimeshaenda kuhakikisha. Kutoka barazani kwangu hadi kona ile ni kama mita mia tatu. Siku za mpira nawasikia wanashangilia goli, halafu mimi nasubiri kama dakika nzima ndipo nilione kwenye simu yangu. Nimeacha kuangalia, siku hizi nawasikiliza wao tu.

Niliomba kuunganishwa 2021. Nikaomba tena 2022, nikabadilisha kampuni, nikaomba tena mwaka jana. Jibu ni lile lile: eneo lako bado halijafikiwa, tutakujulisha.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off. Faili moja ya mteja inafika GB 40. Mteja akiwa Arusha, natia hadidiski kwenye basi la asubuhi, jioni anayo. Basi linaishinda intaneti yangu na bado nauli ya kifurushi inakuwa ndogo kuliko bando.

Sitaki kulia. Nataka kuelewa. Msiniambie Goba ni shamba, maana huku kuna maghorofa na magari ambayo Mikocheni hayapo. Kuna kanuni gani inayosema nyumba ile ipate na hii isipate? Wenye uelewa mnisaidie.

#2 Kijiti Moto

Hakuna fumbo hapo mkuu. Ni pesa. Walianza Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach. Wakubwa wakishatosheka ndipo makombo yanashuka. Umeme ulikuja hivyo, maji yalikuja hivyo, lami ilikuja hivyo.

#3 Mama Wawili wa Kivule

Goba unalalamika? Njoo Kivule ulie na wenzio. Huku tukiona gari lina ngazi juu, tunakimbilia dirishani kama watoto. Mara zote ni fundi wa king'amuzi.

#4 Fundi wa Nguzo

Mkuu Mkazi wa Korongoni, nimetandaza faiba miaka sita chini ya wakandarasi watatu. Sitetei kampuni yoyote, mmoja wao mpaka leo ana hela yangu. Nikueleze ninavyojua.

Kwanza lile neno "mbali" lifute kichwani. Umbali ulikuwa ugonjwa wa waya wa shaba. Wenye umri wetu mnakumbuka intaneti ya laini ya simu ya mezani: ukikaa karibu na kituo cha simu unafaidi, ukifika kilomita nne, tano, kasi imekufa. Faiba ni mwanga. Mfumo wa majumbani umesanifiwa kufika kilomita 20 kutoka kituoni, na mwanga ukitembea kilomita nzima unapoteza kama desibeli 0.35 tu. Kinachoula mwanga ni splita, kile kidude kinachogawa unyuzi mmoja kwa nyumba nyingi. Kugawa kwa nyumba 32 kunakula desibeli 17 hivi, na bajeti nzima ya mwanga unaoruhusiwa kupotea njiani ni kama 28. Sasa piga hesabu, Goba kutoka katikati ya mji ni kilomita ngapi? Mwanga unafika na chenji inabaki. Anayekwambia uko mbali anakupa jibu la mwaka 2005.

Gharama yenyewe iko mwishoni, kutoka barabarani hadi mlangoni kwako. Tuchukue kilomita moja ya nguzo Sinza. Viwanja vimebanana, nyumba ziko pande zote mbili, unapita milango mia na ushee, na nyumba nyingi zina wapangaji, kwa hiyo ndani ya uzio mmoja kuna wateja watatu. Sasa chukua kilomita hiyo hiyo huko juu kwenu. Huyu ana nusu ekari, yule ekari nzima, pale kuna shamba la mihogo la mtu anayekaa Dodoma. Unapita nyumba thelathini. Kumi kati yake ni mapagale, ndani kuna mlinzi na kuku. Waya ni ule ule, nguzo ni zile zile, na mimi nalipwa kwa mita, si kwa mlango. Kampuni ndiyo inayolipwa kwa mlango.

Kwa hiyo swali wanalojiuliza ofisini si "huyu ana hela?" Wanajiuliza "nikipitisha waya hapa, kila nyumba itanigharimu shilingi ngapi kabla haijalipa hata mwezi mmoja?" Tajiri mmoja kwenye ekari tatu ni hasara. Wapangaji wanane kwenye nyumba ya uani ni faida.

#5 Kijiti Moto

Sawa fundi, ila Masaki nako viwanja ni vikubwa kama viwanja vya mpira na faiba wanayo tangu zamani. Hapo hesabu yako inasemaje?

#6 Fundi wa Nguzo

Umenibana, nakubali. Masaki kuna ofisi, balozi, hoteli. Hao wananunua laini kubwa za biashara kwa bei ya biashara, na ndio waliolipia waya wa barabarani. Waya ukishakuwepo barabarani, kuuchepusha uingie kwenye nyumba ya pembeni ni kazi ya asubuhi moja. Goba haina balozi. Kwa hiyo pesa ipo kwenye hadithi kama unavyosema, ila si pesa ya mwenye nyumba. Ni pesa ya aliyetangulia barabara ile.

#7 Mkazi wa Korongoni

Fundi, hapo umenifungua. Lakini nikuongezee fumbo. Barabara kubwa ya kwetu kuna waya wa faiba unapita, nimeuona kwenye nguzo una vile vikaratasi vya rangi. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa juu ya ngazi, akasema "huo si wenu mzee". Si wetu ni wa nani?

#8 Fundi wa Nguzo

Huo ni wa mnara. Kampuni za simu zinapeleka faiba kwenye minara yao kabla ya kwenda nyumba ya mtu yeyote, maana mnara mmoja unalisha maelfu ya simu. Bomba kuu la DAWASA unalijua? Linapita mbele ya geti lako, na wewe unanunua maji ya boza. Huwezi kutoboa bomba kuu ukaweka koki. Na waya wa mnara hivyo hivyo, hauchanwi katikati mpaka waamue kufungua kiungio, waweke splita, waweke boksi la kugawia kwenye nguzo, ndipo nyumba ziunganishwe. Boksi la kawaida lina nafasi 8 au 16. Ukimkuta fundi anakwambia "boksi limejaa", mara nyingine hakudanganyi.

#9 Mama Wawili wa Kivule

Boza! Umenigusa pabaya fundi.

#10 Mzee wa Kimara

Mimi niongeze jambo moja ambalo vijana hamlijui kwa sababu hamkuona nyumba zikiwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Huku kwetu kati ya Kimara na Kiluvya, 2017 nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Ile ya njia nane hadi Kibaha, kilomita 19.2. Barabara ikipanuliwa, haiondoki nyumba peke yake. Nguzo zinahama, mabomba yanahama, waya zinahama. Sasa wewe ungekuwa na kampuni, ungetandaza faiba pembeni ya barabara ambayo mwaka kesho itachimbwa? Usingefanya. Ungesubiri. Sisi tuliokaa nyuma ya ile nyumba ya kwanza iliyovunjwa tulisubiri na kampuni, hatukuwa na X wala hatukuwa na faiba.

Na ukishaamua kutandaza, hesabu milango ya kubisha. Nguzo ni za TANESCO. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA, ambao nao wameanza 2017. Ukichimba, bomba la maji liko chini. Kila mmoja ana barua yake, ada yake na mkaguzi wake. Kampuni ikiona mtaa mmoja unahitaji vibali vitatu na mwingine kibali kimoja, itakwenda wapi kwanza?

#11 Ploti Kumi Rongai

Wadau, salamu kutoka Ongata Rongai. Nimekuwa nikisoma kimyakimya lakini hii imenigusa.

Huku Nairobi mambo ni flati. Kampuni ikiona flati ya ghorofa sita, nyumba arobaini, inavuta waya mmoja tu na kuupandisha kwa ngazi. Ndiyo maana utapata mtu anakaa chumba kimoja Roysambu ana kampuni tatu za kuchagua, na mwenye bangaloo yake Kajiado huko ndani hana hata moja. Pia kuna siasa za mwenye nyumba. Landilodi anakubaliana na kampuni moja, wengine hawaruhusiwi kuingia kwa geti. Unahama nyumba ndio upate kuhama mtandao.

Zile esteti zenye ukuta mmoja na kamati moja, Syokimau, Kitengela, ziko mbele pia. Kampuni inaongea na mtu mmoja, inasaini karatasi moja, inapata nyumba mia mbili. Sisi wa ploti za kujinunulia, kila mtu na geti lake na mbwa wake, lazima waongee na watu mia mbili.

Halafu Starlink, intaneti ya satelaiti, ilikuja Kenya Julai 2023, tukasema sasa tumeokolewa, satelaiti haiulizi nguzo za stima. Ikafika Novemba 2024 wakafunga kupokea wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Nafasi imejaa! Angalia hiyo orodha vizuri. Mbali na Nairobi yenyewe, ni kaunti za pembezoni, wale wale walioachwa na faiba. Waliingia wengi kwa pamoja, na kile kipande cha anga kina kikomo chake. Ilikaa hivyo hadi katikati ya 2025.

#12 Mkazi wa Korongoni

Bwana Rongai, kumbe hata mbinguni kuna boksi linajaa.

#13 Kijiti Moto

Sisi Tanzania, hiyo 2024, hata hiyo ya kujaa ilikuwa haijapewa leseni. Ila msiwaonee wivu sana wenye faiba. Mei 12, 2024 zile nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini wote tulikaa gizani, Masaki na Kivule. Siku hiyo ndiyo niliyofurahi kuwa Mtanzania sawa na wengine.

#14 Mzaramo wa Maryland

Habari wandugu. Mimi niko Marekani, Baltimore County, ambayo ni kaunti inayolizunguka jiji la Baltimore bila kuwa sehemu yake. Nataka kumjibu Kijiti Moto na ile hoja yake ya pesa, kwa sababu huku imegeuka kichwa chini miguu juu.

Verizon walianza faiba yao ya majumbani, FiOS, katikati ya miaka ya 2000 katika mji mdogo wa Keller, Texas. Mji wa pembezoni. Wakaendelea hivyo hivyo: viunga kwanza. Mwaka 2010 wakasema hawafungui maeneo mapya, watamalizia waliyokwisha kuahidi. Jiji la Baltimore likabaki nje. Kwa hiyo sisi wa viungani tukawa nayo, na mtu wa jijini, aliyebanana na jirani yake ukuta kwa ukuta, akabaki hana. Fundi, hapo hesabu yako ya milango kwa kilomita ingesema jiji lianze, siyo? Hawakuanza nalo.

Watu wa huku wamebishana miaka mingi kwa nini. Mitaa mingi ya jiji ile ni ya watu Weusi na wenye kipato kidogo, na kuna wanaosema sababu ndiyo hiyo, basi. Wengine wanataja gharama ya kuchimba chini ya mji mkongwe na makubaliano ambayo hayakufikiwa na jiji. Mimi naamini yote mawili yalikuwemo. Kampuni ikitafuta sababu ya kutokwenda mahali, maskini ndio rahisi kukosa wa kuwasemea.

Jambo moja ambalo nadhani lingewafaa huko: kaunti nyingi za huku zilipoingia mkataba na kampuni za kebo ziliandika ndani yake idadi ya nyumba kwa maili. Mtaa ukifikia idadi hiyo, kampuni inalazimika kupeleka waya. Mtaa usipofika, mwenye nyumba anachangia gharama. Inauma ukiwa umepungukiwa nyumba mbili, lakini angalau unaijua namba unayoikosa. Ninyi mnasubiri mlango ambao hamjui unafunguliwa na nini.

#15 Karani wa Sheria

Hoja ya Mzaramo ni nzito. Kwetu tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, sheria yake ni ya 2006. Ukiisoma, haizungumzii vijiji peke yake. Inataja pia maeneo ya mijini yasiyo na huduma ya kutosha. Ila ukitazama ruzuku inakokwenda, ni minara vijijini. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758. Silaumu, kuna kata ambazo mtu alikuwa anapanda juu ya kichuguu apige simu ya mgonjwa. Huwezi kumweka huyo foleni moja na mhariri wa video za harusi.

Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa Goba, Chanika, Mabwepande au Kigamboni ya ndani anaangukia katikati. Si kijijini vya kutosha apate ruzuku, si mjini vya kutosha apate soko. Na kwenye karatasi ameshahudumiwa, kwa sababu simu yake inashika mtandao. Ukisema huna intaneti watakuuliza, sasa hapa umeandikaje?

#16 Tx Rx

Wakuu mnazunguka sana. Jirani ana faiba, mita mia tatu, mnaonana. Nunua antena mbili za kutazamana, moja paani kwake, moja kwako, changieni bili. Mimi nimefanya hivyo Bunju, kazi imeisha.

#17 Fundi wa Nguzo

Inafanya kazi, sikatai, na korongo likiwa katikati hakuna mti wa kuziba. Ila angalia mambo mawili. Mkataba wa jirani kwa kawaida unasema huduma ni ya kaya yake. Na ukianza kuwauzia wa tatu na wa nne, umekuwa mtoa huduma, na mtoa huduma anatakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kuna kijana namfahamu alianza na jirani mmoja, akafika kumi na saba, akaishia kufungasha vifaa vyake usiku.

Na tafadhali msivute waya wa kompyuta mita mia tatu juu ya miti. Mwisho wake ni mita 100, zaidi ya hapo unavuta kamba ya kuanikia nguo. Na radi ya masika inapita humo humo hadi kwenye TV.

#18 Mjumbe wa Mtaa

Mimi niko upande wa Madale. Sitataja kampuni. Sisi tulikaa miaka miwili na lile jibu la "halijafikiwa". Mwisho nikachukua daftari, nikapita nyumba kwa nyumba kama ninachangisha msiba. Nikaandika nani yuko tayari kulipia mwezi wa kwanza, na nyumba iko kwenye barabara gani. Ile namba ya anwani ya makazi tuliyobandikiwa 2022 kabla ya sensa, ambayo wengi tuliitazama kama mapambo, ndiyo iliyotusaidia. Ofisini walinikatalia orodha ya kwanza kwa sababu niliandika "nyumba ya bati jekundu baada ya mwembe". Ya pili yenye namba na majina ya barabara waliipokea, dada wa mapokezi akaiingiza kwenye kompyuta palepale.

Tulikuwa 46. Baada ya miezi mitano wakaja. Waliounganishwa ni 31, maana wengine walikuwa wanapiga domo tu. Jambo lililonishangaza: mpimaji wao alikuwa na picha ya satelaiti ya zamani. Kwenye picha yake mtaa wetu ulikuwa na mapaa tisa. Sisi tumejenga, wao wanatazama mikorosho.

#19 Kijiti Moto

Mapaa tisa! Kwa hiyo miaka miwili walikuwa wanawakatalia nyuki na mikorosho.

#20 Mkazi wa Korongoni

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimepotea wiki mbili, msimu wa harusi.

Baada ya kumsoma Fundi na Mjumbe nilichukua buti nikaamua kufanya kitu cha kijinga: nikafuata nguzo. Nilianzia nguzo inayonipa mimi umeme, nikatembea kurudi nyuma kuelekea unakotoka. Nilidhani zitashuka korongoni, zivuke, zikutane na za jirani. Hazivuki. Zinanipa mgongo, zinaelekea upande wa Madale, zinapita nyuma ya kanisa, zinazunguka shamba la mtu, zinatokea kwenye transfoma ambayo sikuwahi kuijua maishani. Jirani wa ng'ambo anakula umeme wa transfoma nyingine kabisa, inayotokea Goba kati. Ndiyo maana kwake ukikatika kwangu unawaka. Miaka yote tulidhani ni bahati.

Sasa faiba yao imetokea Goba kati, ikifuata nguzo za upande ule. Ikafika ukingoni mwa korongo ikakuta nguzo ya mwisho. Hakuna nguzo ya kuvukia. Kutoka boksi lao la mwisho kuja kwangu kwa njia ya nguzo, si kwa njia ya kunguru, nimehesabu nguzo 61. Fundi, ukichukua nguzo kwa nguzo ni mita 45 hivi, hiyo ni kilomita 2.7. Kwa mita mia tatu ninazoziona kwa macho!

Kwa hiyo nimekuwa najilinganisha na mtu asiye jirani yangu. Jirani yangu wa kweli kwenye ramani ya kampuni ni mtu nisiyemjua, nyuma ya kanisa.

#21 Fundi wa Nguzo

Mkuu umefanya kazi ya mpimaji bure. Mita 45 ni makadirio mazuri. Na ulichokiona ndicho ninachokiona kila siku: faiba inafuata umeme kama mtoto anavyofuata kanga ya mama. Mahali ambapo umeme uliingia kwa kuzunguka, kwa sababu 2009 mtu fulani alilipia nguzo zake mwenyewe na akazipitisha anakotaka yeye, faiba nayo inazunguka.

Njia zako ni mbili. Waje kutoka upande wa Madale, ambako Mjumbe anasema tayari wameshafika. Au zisimikwe nguzo tatu nne za kuvuka korongo, ambazo kwa faiba peke yake zinaweza kuwa nyepesi, lakini lazima kibali, na bonde la mvua wanalikagua kwa makini. Ningekuwa wewe ningeanza na Madale. Kati ya nguzo zako 61, umehesabu nyumba ngapi?

#22 Mkazi wa Korongoni

Nyumba 52. Zenye watu 34. Mapagale 18, na pagale moja mlinzi ameniambia bosi wake anahamia Desemba. Nimemwandika.

Nilianza kugonga Jumamosi, mpaka sasa wamekubali 23. Wawili wamenifukuza wakidhani nauza dawa ya mende. Mama mmoja mstaafu amesema yeye hana haja na intaneti, ila mjukuu akija likizo hakai siku ya pili, kwa hiyo aandikwe.

Mjumbe, boksi lenu la mwisho upande wa Madale liko karibu na nini?

#23 Mjumbe wa Mtaa

Kuna duka la vifaa vya ujenzi lina geti la bluu, kona ya kushuka kuelekea kanisani. Nguzo ya pili baada ya hapo. Lilikuwa na nafasi 16, sisi tumejaza 11 pale. Njoo na daftari lako, tuongozane. Mimi yule dada wa mapokezi ananijua sasa, nikiingia anajua leo kuna kazi.

#24 Mkazi wa Korongoni

Kutoka geti la bluu hadi nyuma ya kanisa ni nguzo kumi na nne! Nilizipita. Jumatatu saa tatu nipo hapo.

#25 Bata Mzinga

Nimejiunga leo ili niandike hapa. Mimi ndiye wa ng'ambo ya korongo, mwenye waya mweusi. Mke wangu ndiye aliyenionyesha huu uzi, akasema "huyu anatuzungumzia sisi".

Kwanza pole kwa kelele za magoli. Pili, wewe ndiye mwenye jenereta la saa nane usiku? Tatu, kama una GB 40 za kutuma kabla ya hao Madale hawajafika, zunguka na hadidiski yako uje utumie hapa kwangu. Ila uje kwa barabara, usivuke korongo, mbwa hawakujui.